Imelika, imechakaa au imefubaa?

SWALI: Ninaandaa maelezo ya sarafu za zamani za shaba zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Je, niandike kwamba zimechakaa, zimelika au zimefubaa? Na ile iliyobaki na rangi yake ya awali, ni sahihi kuiita "sarafu ya shaba nyekundu"?

JIBU: Vitenzi hivyo vitatu havishiki nafasi moja, na mtu anayenunua sarafu kabla ya kuiona hutegemea sana uteuzi wako.

Kulika, ambako shina lake ni kitenzi cha kula, husemwa juu ya kitu kilichopungua mwili kwa kusuguliwa: soli ya kiatu hulika, na ngazi ya mawe hulika pale katikati panapokanyagwa. Katika sarafu, sehemu zilizoinuka ndizo hulika kwanza, kama vile shavu la mtu aliyechorwa au nywele zilizo juu ya sikio. Kwa hiyo usiishie kwenye "imelika", bali taja palipolika: "Nywele zimelika hata nyuzi zake hazitofautiki, lakini mwaka na maandishi yote vinasomeka."

Kufubaa ni kupoteza mng'ao tu. Sarafu iliyofungiwa sandukuni yaweza kufubaa bila kulika hata chembe, kwa kuwa shaba hubadilika rangi kwa kuguswa na hewa. Kuchakaa nako hukusanya yote, yaani kulika, mikwaruzo, madoa na kutu, na kwa sababu hiyo hufaa kwa nguo au nyumba kuliko kwa kazi ya kupima. Kuchujuka kuache kabisa, maana huko ni kutoka kwa rangi, ilhali shaba huzidi kukoza.

Swali lako la pili lina mtego. "Shaba" hutumika kwa metali zaidi ya moja, ikiwamo ile iliyochanganywa na zinki, na "shaba nyekundu" ni jina la shaba halisi, hata ikiwa imegeuka nyeusi. Kwa bahati mbaya, sarafu na shaba zote zimo katika ngeli ya I-ZI, hivyo kiambishi cha "nyekundu" hakimsaidii msomaji kujua ni kipi kinachosifiwa. Andika "sarafu ya shaba iliyobaki na wekundu wake wa awali", na utata utaondoka. Ila uwe mwangalifu: sarafu iliyozunguka sana mikononi ni nadra kubaki na wekundu huo, isipokuwa pengine kidogo kandokando ya herufi, mahali ambapo vidole havifiki. Nyingi huwa za kahawia, neno ambalo halichukui viambishi vya upatanisho, nasi husema "sarafu ya kahawia", "ya kahawia iliyokoza" au "ya kahawia inayoelekea weusi". Ukiona ukoga wa kijani, "kutu ya kijani" inatosha, lakini usiiache rangi, kwani kutu peke yake humpeleka msomaji kwenye chuma.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote, ni mnyambuliko. "Inang'aa" haisemi chanzo cha mng'ao, ilhali "imeng'arishwa" inakiri kwamba kuna mtu aliyeisugua au kuitia dawa. Shaba iliyosafishwa hivyo mara nyingi hupata wekundu mkali usioafikiana na kulika kwake, na wakusanyaji huishusha thamani. Kuandika "inang'aa" pale panapostahili "imeng'arishwa" ni udanganyifu uliojificha ndani ya sarufi.

Kuhusu daraja, yaani namba inayoonyesha hali ya sarafu, kipimo cha 1 hadi 70 kinachotumiwa na wengi, ambacho 70 ndiyo hali bora kabisa, kilitungwa na mkusanyaji wa sarafu Mmarekani, William Sheldon, mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Usitafsiri majina yake neno kwa neno. Daraja la 4 kwa Kiingereza huitwa "nzuri", ingawa katika sarafu ya namna hiyo sura imebaki muhtasari tu, na msomaji wa Kiswahili atakayeletewa "sarafu nzuri" ya aina hiyo ana haki ya kulalamika. Toa namba, kisha ueleze kwa maneno yako: "Daraja la 4, imelika sana, sura imebaki umbo la nje, mwaka unasomeka, ya kahawia iliyokoza, yenye doa la kutu ya kijani chini ya kidevu, haijang'arishwa."