Mkianza kutafsiri muvi ya jenerali wa kweli

Wadogo zangu mnaoanza kuingiza sauti kwenye muvi, kuna mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, alinifundisha kazi hii kwa swali moja tu. Ilikuwa kwenye banda la video Majengo, hapa Moshi. Tulionyesha Patton, ile ya mwaka 1970 inayomhusu Jenerali George Patton wa Marekani. Watu walipotoka, yeye akabaki kwenye benchi. "Kijana, huyu Bradley si keshampita mwenzake? Mbona bado anamwita afande?"

Sikuwa na jibu. Kule Tunisia na Sicily, mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili, Jenerali Omar Bradley, Mmarekani mwenzake, alikuwa chini ya Patton. Mwaka uliofuata, Ufaransa, mambo yakageuka: Patton ndiye akawa anapokea amri za Bradley. Kwa Kiingereza wanaitana George na Brad, basi sikio langu halikushtuka. "Afande" niliiweka mimi mwenyewe ili mtazamaji ajue nani mkubwa, halafu nikasahau kuigeuza. Ni neno dogo, lakini uchungu wa Patton umo humo: aliyekupigia saluti jana, leo ndiye anakutuma.

Tangu siku hiyo sigusi maiki kabla ya kuandika daftarini jina la kila mhusika, cheo chake, na dakika kinapobadilika. Tumieni vyeo vya JWTZ, jeshi letu la Tanzania, watu wanavijua: luteni jenerali, meja jenerali, brigedia jenerali, kanali. Msimwite kila mkubwa "kamanda".

Sasa kofi. Banda limezoea stelingi, na stelingi akikosea sisi tunamfichia kwa maneno. Patton anaingia hospitali ya jeshi, anamkuta askari analia. Hana jeraha, vita vimemshinda akilini. Anamzaba kofi na kumwita mwoga. Mara ya kwanza nilidakia kwa sauti ya msimulizi: "Mwoga kapatikana!" Banda likashangilia, nami usiku ule sikulala vizuri. "Mwoga" ni neno la Patton. Daktari wa pale halitumii, na msimulizi hana haki nalo.

Nikaenda kusoma. Agosti 1943 aliwapiga askari wawili, kwa siku tofauti, na mmoja alipopimwa akakutwa na malaria. Jenerali Eisenhower, mkubwa wake, akamwamuru aombe radhi. Malaria! Nani hapa kwetu hajawahi kutetemeka chini ya blanketi mbili, tena bila bunduki wala mabomu? Hilo la malaria muvi haisemi, kwa hiyo siliweki mdomoni mwa mhusika yeyote. Nalisema kwenye utangulizi, kabla picha haijaanza. Kofi lenyewe naliacha lilie peke yake, sekunde tatu au nne bila neno langu. Banda zima linatulia, hata wauza karanga mlangoni.

Vifaru msihangaike navyo. Muvi ilipigwa sehemu kubwa Hispania, na vifaru vya "Mjerumani" mle ndani ni vya Kimarekani vilivyotengenezwa baada ya vita. Sema "kifaru cha Mjerumani" uendelee. Ukianza kutaja modeli utaumbuka mbele ya anayejua. Ile hotuba ya mwanzo, mbele ya bendera kubwa, ina matusi mengi, na watoto ndio huwahi mabenchi ya mbele. Ukali wake ubebeni kwa sauti, si kwa matusi. Ruhusa ya kutafsiri na kuonyesha kazi ya mtu ulizeni mapema COSOTA, wale wa hakimiliki, na Bodi ya Filamu, kabla hamjatumia hata shilingi.

Na kuna sehemu moja nawaomba sana mniachie kama ilivyo. Ni muda mfupi kabla ya kofi, humo humo hospitalini. Patton anapiga magoti kando ya majeruhi mahututi, anamwachia medali, kisha anainama na kumnong'oneza sikioni. Hakuna anayesikia anachosema. Niliwahi kumtungia maneno pale, mazuri kabisa, ya baba kwa mwanawe, na watu waliyapenda. Nimeyafuta. Siku hizi mtu wa nyuma akipaza sauti, "Kasema nini?", namjibu kwenye maiki kwamba hata mimi sikusikia.