CT imeonyesha saratani ya ovari imesambaa, mbona mama anaanzishiwa kemo badala ya upasuaji?

Pole sana dada. Umeuliza kama kumwanzishia mama kemo kwanza ni dalili kwamba madaktari wamekata tamaa. Hapana. Dada yangu alikuwa hatua ya 3C (saratani imeshatoka nyongani na kuenea tumboni) na alipitia njia hiyohiyo, mimi ndiye niliyekuwa naingia naye kwa daktari.

Ile CT (picha za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) ya kifua, tumbo na nyonga haiangalii ukubwa wa uvimbe tu. Daktari wa upasuaji anataka kujua kama akifungua tumbo ataweza kutoa kila kinachoonekana kwa macho, maana kinachobaki ndani ndicho kinachoharibu matokeo. Kwa hiyo uvimbe mkubwa nyongani unaweza usimtishe, ila vijivimbe vidogo vilivyokaa pabaya vikamfanya asite.

Pabaya ni wapi? Daktari wetu alitupitisha kwenye picha, kipande baada ya kipande, kuanzia mapafuni kushuka chini. Alisimama juu ya ini, upande wa kulia, akatuonyesha utando mwembamba uliojishikiza chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. "Hii naitoa," akasema. Omentamu, lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, ilishakuwa nene na ngumu. Nayo hutolewa. Aliponyamaza ni kwenye shina la mesenteri, yaani utando unaoshikilia utumbo, inakopita mishipa mikubwa inayolisha utumbo mwembamba. Ukiijeruhi hiyo, utumbo unakosa damu. Hapo ndipo akasema tuanze na kemo ipunguze kwanza.

Kwa kawaida ni mizunguko 3 au 4 ya dawa za kemo, carboplatin na paclitaxel, kisha CT inarudiwa na kulinganishwa na ya mwanzo. CA-125, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ikishuka ni habari njema, lakini namba hiyo haimwambii daktari ugonjwa umebaki wapi. Hakikisheni pia kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kimechukuliwa na kupimwa kabla ya kemo. Mara nyingi hutolewa kwa sindano inayoongozwa na ultrasound au CT yenyewe.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: CT hukosa vijivimbe vya chini ya sentimita 1, hasa vilivyotapakaa juu ya utumbo mwembamba. Ndiyo maana baadhi huongezewa MRI, au huchunguliwa kwa kamera kupitia tundu dogo tumboni kabla ya kuamua. Mkiambiwa hivyo msidhani mnazungushwa.

Ripoti yetu ya kwanza iliandikwa tu "imesambaa tumboni", daktari akaomba picha zisomwe upya. Ya mama iangalieni kama imetaja kiwambo, wengu, mlango wa ini (mishipa inapoingilia ini), shina la mesenteri, tezi zilizo juu ya mishipa ya figo, na maji kifuani. Na mkihamishiwa hospitali nyingine bebeni CD ya picha, si karatasi peke yake. Daktari wa upasuaji atataka kuziona mwenyewe.