Risha ya udi inanizunguka mkononi, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie msomaji wenu wa Wete, Pemba, ndo kwanza najifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi. Nikipiga kidogo tu bega la kulia linauma, risha (kile kipigio cha nyuzi) inazunguka mpaka inataka kudondoka, na sauti inakwaruza. Au mkono wangu haufai?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Mkono unafaa sana, ila naona unapigia bega. Anza bila risha. Kaa wima, udi uwe pajani, laza kigasha ukingoni mwa udi upande wa nyuma ya daraja (kile kibao usoni mwa udi zinapofungwa nyuzi) ili kiubane kidogo kifuani usiteleze, halafu kiganja kining'inie tu mbele ya nyuzi. Kinachocheza ni kifundo cha mkono, kiwiko kitulie.

Sasa risha. Hii si piki ya gitaa, ni ndefu (zamani ilikuwa unyoya wa tai au pembe, siku hizi plastiki tele), kwa hiyo ipitishe ndani ya kiganja, ncha ichomoze kidogo tu baina ya dole gumba na cha shahada, ukiitoa sana ndo inazunguka hivyo. Usiikabe lakini!

Piga baina ya tundu kubwa na daraja. Ukisogea darajani sauti inakuwa kali, ndo hiyo unayosikia inakwaruza. Wiki za mwanzo shusha tu, usipandishe, risha ianguke kwa uzito wa mkono ikatue kwenye uzi unaofuata, na usikilize kama nyuzi zote mbili za jozi zimelia (nyuzi za udi hukaa mbilimbili).

Bega likiendelea kuuma hata hivyo, mwambie mwalimu akutazame unavyokaa, pengine kiti kirefu.