Kwa mnaoanza kazi ya viashiria vya miji: ramani haivuki Msimbazi

Wadogo zangu, siku ya kwanza mtakabidhiwa orodha ndefu ya viashiria: ile ya Lengo la 11, linalohusu miji, la Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, pengine na ya ISO 37120 pia, kiwango cha kimataifa cha viashiria vya miji. Msikimbilie kujaza jedwali. Someni kwanza kila kiashiria kinataka kupimwa vipi.

Mimi niliteleza kwenye kiashiria 11.2.1 cha Lengo hilo, usafiri wa umma. Kinauliza ni wakazi wangapi wanaofika kituoni kwa mwendo wa mita 500 kwa basi la kawaida, au kilomita 1 kwa usafiri mkubwa kama mwendokasi. Nikachora duara kuzunguka kila kituo cha Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, nikahesabu watu waliomo. Asilimia ikapendeza kweli. Mzee mmoja wa serikali ya mtaa akaweka kidole juu ya Bonde la Msimbazi, akaniuliza, "Mwanangu, hapa mtu anavukaje?" Kesho yake tukaenda kwa miguu. Nyumba niliyoihesabu kuwa karibu, mwenyewe huzunguka hadi darajani, zaidi ya mara mbili ya umbali wangu. Na masika ikikaza, Jangwani, pale barabara inapovuka bonde hilo, hujaa maji, mabasi husimama. Siku hizo kituo kipo, usafiri haupo. Tangu hapo nafuata njia wanazopita watu, na naandika nimepima msimu gani.

Halafu angalieni mnagawanya kwa idadi ipi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, wakati ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541. Hao ni wa mkoa mzima. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, tangu 2021, ni eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni hazimo. Ukichukua taka za jiji ukazigawanya kwa watu wa mkoa, umeharibu kazi nzima na hakuna atakayegundua kwa kutazama jedwali tu.

Kwenye taka hizohizo, magari yanayofika dampo la Pugu Kinyamwezi yanaonyesha zilizofika. Zilizochomwa uani au kutupwa mtaroni hazimo, na kiashiria cha taka kinataka jumla ya zinazozalishwa. Hapo hamna budi kwenda majumbani.

Mkifika huko, ulizeni kwa maneno ya wenye nyumba. Ukiuliza, "Mna huduma ya majitaka?" utajibiwa ndiyo, nawe utaweka alama yako na kuondoka. Uliza, "Choo kikijaa mnafanyaje?" Wapo watakaokuambia gari la kunyonya halipiti kwenye kichochoro chao, kwa hiyo husubiri mvua kubwa, wakakitapisha, yaani wakafungulia majitaka yaende na maji ya mvua. Naomba jibu hilo liandikeni lote, hata kama fomu haina nafasi yake, kisha fuateni mtaro mwone yale maji yanapita milango ya nani.