Je, Kumwacha Mbwa Unapohama ni Kosa Kisheria?

SWALI: Ninahamia nyumba ambayo mwenyewe haruhusu mbwa. Rafiki yangu amenishauri nimwache mbwa wangu katika nyumba ya zamani pamoja na chakula na maji ya siku tatu, kwa kuwa hatakosa mtu wa kumchukua. Je, ninaweza kushtakiwa, na adhabu yake ni ipi?

JIBU: Katika nchi nyingi unaweza kushtakiwa, na chakula hicho hakitakukinga. Sheria haimlazimishi mtu kuishi na mnyama wake hadi mwisho. Inachokataza ni kuondoka na kumwacha bila kumkabidhi kwa mtu aliyekubali kumtunza. Tena mwendesha mashtaka hodari atakitumia chakula hicho dhidi yako, kwa sababu kinaonyesha kwamba uliondoka ukijua wazi kuwa mbwa atabaki peke yake na kwamba baada ya siku tatu hatakuwa na wa kumlisha.

Adhabu hutofautiana sana, na tofauti hiyo hutokana na jinsi kila nchi inavyolitazama kosa lenyewe. Ufaransa hulitazama kwa ukali: kifungu cha 521-1 cha Kanuni ya Adhabu kinauweka utelekezaji wa mnyama wa kufugwa sawa na ukatili mkubwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 kiwango cha juu ni kifungo cha miaka 3 na faini ya yuro 45,000, kutoka miaka 2 na yuro 30,000 za awali. Japani, ambako zamani adhabu ilikuwa faini peke yake, tangu mwaka 2020 mkosaji anaweza kufungwa hadi mwaka 1 au kutozwa faini isiyozidi yeni milioni 1. Ujerumani hulihesabu kuwa kosa la kiutawala lenye faini inayoweza kufika yuro 25,000, ingawa mnyama akipata mateso makali ya muda mrefu suala linaweza kuhamia kwenye jinai. Italia imeongeza jambo ambalo naliona la busara: anayemtupa mnyama barabarani kwa kutumia gari anaweza pia kusimamishiwa leseni ya udereva.

Usidhani kwamba kukusudia kurudi kunakuondolea kosa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1960 ilitamka kwamba kumwacha mnyama, iwe kabisa au kwa muda, katika mazingira yanayoweza kumletea mateso yasiyo ya lazima, ni kosa. Sheria ya mwaka 2006 iliyochukua nafasi yake katika England na Wales inamtaka anayehusika na mnyama ahakikishe mahitaji yake yanatimizwa, na mahakama inaweza kumpiga marufuku aliyetiwa hatiani asimiliki wanyama. Kwa mtu anayefuga kwa mapenzi au kwa biashara, marufuku hiyo huweza kuuma kuliko faini.

Kumfunga mbwa usiku kwenye lango la kituo cha wanyama nako si makabidhiano, kwa kuwa hakuna aliyempokea. Zungumza na kituo kabla ya kuhama, au mpe mtu unayemwamini kwa maandishi yenye majina, tarehe na sahihi za pande zote mbili. Ikiwa mbwa ana chipu (kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), badilisha taarifa za mmiliki siku hiyo hiyo, maana akiokotwa, jina litakalosomwa kwanza ni lile lililosajiliwa.