Shangazi, kijana wa mashua ndiye aliyenifunga jaketi

*Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tuna miaka saba kwenye ndoa na watoto wawili. Mwishoni mwa Julai alinipeleka Lamu bila kuniambia mapema: siku tatu ndani ya mashua, tulale Kiwayu, turudi. Baadaye nilikuja kujua alikuwa amechukua mkopo wa sacco. Kwenda kulikuwa raha tupu. Siku ya kurudi nahodha alisema upepo umechafuka, tungoje. Mume wangu akakataa, ndege yetu Manda ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Mimi nikanyamaza. Hatujafika mbali, mvua ikatupiga, mashua ikalala upande, maji yakaingia. Mume wangu alichomoa jaketi la kuokoa maisha chini ya ubao, akavaa, akafunga kamba zote, akakumbatia mlingoti. Hakunitazama. Kijana wa mashua ndiye aliyenivisha langu. Tukaponea Faza, tukalala kwa watu, na asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, mashua haikuweza kutoka, ndege ikatuacha. Sasa ni miezi mitatu. Kila wakija wageni anasimulia nilivyopiga mayowe, eti yeye akimsaidia nahodha kukumba maji. Watu wanacheka, nami nacheka. Usiku nikifumba macho namwona akifunga zile kamba. Huyu mtu ananipenda kweli?*

*Niliyelowa, South B*

Marahaba mwanangu.

Swali lako nitalijibu, ila nivumilie kwanza niseme habari ya upepo. Najua hukuniuliza. Lakini mimi ni mzaliwa wa pwani, na miaka yote niliyokaa Nairobi sijaacha kukereka nikiona watu wanauziwa bahari kama tiketi ya sinema, saa ya kuanza hii, saa ya kumaliza ile.

Julai ni kusi. Upepo huo huishika pwani yetu tangu Aprili hivi mpaka karibu Septemba, na katikati ya mwaka ndipo unapovuma kwa nguvu zake zote. Hata yale mawingu yanayokaa juu ya Nairobi Julai nzima, tukaenda kazini na masweta, yanatoka upande huohuo. Sasa tazama ramani. Kiwayu iko kaskazini-mashariki ya Lamu. Ukienda Julai unasukumwa mgongoni: tanga limejaa, chombo kinateleza, na mtu wa South B anakaa omoni na kikombe cha chai anajiona amezaliwa baharini. Hiyo ndiyo raha tupu uliyoiandika. Kurudi, upepo ule ule unawapiga usoni. Chombo lazima kibishe, kikate huku, kigeuzwe, kikate kule, na kila kikigeuzwa mabaharia wanahangaika na tanga huku abiria wakigongana magoti. Tena kabla hamjajificha nyuma ya kisiwa cha Pate kuna mahali pa wazi ambapo mawimbi ya bahari kuu yanaingia bila kizuizi. Hapo ndipo mlipopigwa, nadhani.

Kwa hiyo nahodha alipowaambia mngoje, alikuwa na sababu za kutosha. Hata meli hazilichezei kusi. Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafa. Idara ya hali ya hewa iko hapa hapa Dagoretti Corner, na tahadhari zake za upepo na mawimbi ya pwani mtu anazisoma kwenye simu akiwa bado kitandani. Mumeo alisoma saa ya ndege.

Wazee wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenu nahodha alikuwa mmoja, ila amri ilitoka kwa abiria. Naye nahodha simwachi hivi hivi. Ana watoto wa kulisha, naelewa, na mgeni aliyelipa ana sauti kubwa, lakini ndani ya chombo neno la mwisho ni lake, na siku ile alilitoa bure.

Kuhusu mkopo, umeuandika kwa mstari mmoja kama jambo dogo. Mimi nimeurudia mara tatu. Mwanamume aliyekupeleka baharini kwa pesa za sacco hausikii upepo, anayasikia makato ya mwisho wa mwezi. Tiketi ikipotea, atanunua nyingine kwa pesa gani? Na hawezi kukwambia, kwa sababu safari ni zawadi, na zawadi haitajwi bei. Simtetei. Nakuonyesha tu alikuwa amebeba nini alipokuwa akibishana na nahodha pale ufukweni.

Na wewe ulinyamaza. Ulimsikia nahodha kwa masikio yako mawili. Nadhani hukutaka kumwaibisha mumeo mbele ya mabaharia, nami nakuelewa, tumefunzwa hivyo. Ila ungesema "baba watoto, mimi naogopa, tulale," huenda angeshukuru kupata kisingizio. Wanaume wengi hungoja mke aogope ili nao wapate kuogopa kwa heshima.

Sasa jaketi.

Tarehe 7 Julai 1990, ile Saba Saba ya kwanza, siku watu walipotoka kudai vyama vingi, nilikuwa mjini na mdogo wangu, umri wake miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumeenda kununua viatu vyake vya shule. Mabomu ya machozi yalipoanza, watu walikimbia kila upande. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika wake. Sikumbuki kuuachia. Ninachokumbuka ni kwamba niko ndani ya duka la vitambaa, mlango wa chuma umeshushwa, nimekaa juu ya robota na mkono wangu ni mtupu. Alifika nyumbani Pangani wakati wa magharibi, kwa miguu, kiatu kimoja. Na mtoto yule nilikuwa nampenda kuliko kitu chochote duniani, na mpaka leo.

Ndiyo maana siwezi kumhukumu mumeo kwa dakika ile. Mwili ukiona maji unajiokoa, akili inafika baadaye ikihema. Wapo wanaomfunga mwenzao kwanza, kama yule kijana, na Mungu awabariki, lakini yule kijana bahari ndiyo kazi yake, mashua kulala upande alishaiona mara nyingi. Mumeo ni mtu wa ofisi. Zile kamba alizifunga kwa vidole visivyokuwa vyake.

Ninachomhukumia ni hii miezi mitatu ya sebuleni.

Usiku ule wa Saba Saba nilimwambia mdogo wangu, "Nilikuachia." Akasema, "Najua." Basi. Hatujawahi kulirudia, wala hapajakuwa na haja. Mumeo naye anajua alichofanya. Anajua vizuri sana, ndiyo maana anasimulia kila wageni wakija. Mtu asiye na deni harudii risiti kila siku. Amekupa wewe mayowe, yeye amejipa kopo la kukumbia maji, na kila kicheko cha wageni ni shahidi mpya upande wake. Nawe unacheka! Mwanangu, ukicheka unatia sahihi.

Kwetu husemwa, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa, maji yote yanakotuama, na yasipokumbwa yananuka. Ya Kiwayu yametuama South B, chini ya kochi lenu, na uvundo wake ndio huo unaokuamsha usiku.

Usimkabili mbele ya wageni, utamfanya aape uongo. Usimkabili kitandani pia. Ngojea siku mko wawili kwenye gari, Barabara ya Mombasa imesimama, wote mnatazama mkia wa lori lililo mbele. Mwambie maneno haya haya: "Siku ile, kijana wa mashua ndiye aliyenifunga jaketi." Halafu funga mdomo. Usiongeze "na wewe ulikuwa wapi." Usilie, ukiweza. Acha kimya kifanye kazi, hata foleni ikifunguka.

Akisema niliogopa, au akinyamaza machozi yakamlenga, mume unaye, na swali lako limejibiwa na mtu anayehusika. Hapo mwambie na lako: kwamba ulimsikia nahodha ukanyamaza. Na muulize makato ya sacco ni shilingi ngapi kwa mwezi, maana hilo ni la nyumba nzima. Akisema unakuza mambo, usibishane naye siku hiyo. Ila wageni watakapokuja tena na hadithi ikaanza, usicheke. Nyanyuka kalete chai. Atakuona, na atajua kwa nini. Ikipita miezi na bado anasimulia vile vile, niandikie tena, na wakati huo nitauliza mengine kuhusu ndoa hii yasiyo na bahari ndani yake.

Mkipatana na mkatamani kurudi, nendeni Januari. Kaskazi, upepo wa kinyume cha kusi, itakuwa inavuma, kwa hiyo jasho litakuwa la kwenda, na kurudi mtasukumwa mpaka Shela. Ndege kateni ya siku mbili baadaye.

Na yule kijana? Barua yako yote haisemi kama mlimshukuru. Nambari ya nahodha bila shaka bado mnayo. Mtumieni kitu kwa M-Pesa, hata kama ni elfu moja, na simu ashike mumeo.