Usiniulize kwa nini sijajenga

Mdogo wangu, umeniuliza: "Kaka, miaka tisa Marekani, na cheti cha hali ya hewa unacho, mbona hata msingi hatuuoni?" Nakujibu bila kupaka rangi.

Cheti kipo, kimelala kwenye begi chini ya kitanda. Usiku niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Maryland, nje kidogo ya Washington, nageuza watu wasipate vidonda vya mgongo. Zamani waliotutangulia huku walibeba maboksi. Sisi tunabeba wazee. Kodi ya chumba inameza zaidi ya nusu ya mshahara.

Nikivaa glavu humkumbuka Henryk Arctowski, Mpolandi, mzaliwa wa Warsaw, 1871. Kwetu wa fani ya hewa huyo ni babu. Mwaka 1898 meli yao ya utafiti, Belgica, ilinaswa na barafu kule Antaktika, ikakaa humo zaidi ya mwaka. Jua lilipotea Mei, likaonekana tena Julai. Yeye na mwenzake Dobrowolski waliendelea kusoma kipimajoto na mgandamizo wa hewa kila saa, giza totoro, upepo unakata masikio. Kila saa! Nami pale kituoni Mtwara nilikuwa nanuna kuamshwa saa tisa usiku mara moja tu.

Barafu ilimwachia. Kilichomnasa ni mkutano. Septemba 1939, akiwa profesa wa Lwów, mji uliokuwa wa Poland, mwenye miaka 68, alikuja hapa Washington kukutana na wanajiofizikia wenzake, watu wa fizikia ya dunia. Vita vikalipuka kwao nyuma yake. Wasovieti wakauchukua Lwów, na vita vilipokwisha mji ukabaki nje ya Poland. Kazi alipata, kwenye taasisi ya utafiti ya Smithsonian, akichunguza mabadiliko ya jua, bahati ambayo wengi wetu hatuna. Lakini alifia hapahapa, 1958. Kilichorudi Warsaw ni majivu. Kituo cha Wapolandi huko Antaktika, kilichofunguliwa 1977, kina jina lake.

Mimi sikukimbia vita, nilikimbilia dola; nisijifananishe naye. Ila makaratasi yangu hayajakaa sawa, na nikitoka leo mlango unaweza kufungwa nyuma yangu. Ndiyo maana shangazi mlimzika bila mimi. Sikuwa bize. Niliwadanganya.

Hela ya bati nitatuma mwisho wa mwezi, si kabla. Kile kipimamvua nilichokiacha uani, bado mnakisoma? Nitumie milimita za masika.